Bloku za majina ya vyumba zinaonyesha #### kwenye eneo baada ya kunakili

mchora_ramani

Wakuu habari za kazi. Nina ramani ya nyumba ya ghorofa kwenye AutoCAD 2021 (programu ya kuchorea ramani), imechorwa kwa milimita. Kila chumba kina bloku (kundi la vitu linalotumika kama kitu kimoja) yenye atributi (nafasi za maandishi) tatu: JINA, NAMBA na ENEO. Hiyo ENEO ni fildi, yaani maandishi yanayojijaza yenyewe, inayosoma eneo la polilaini (mstari mmoja wenye pembe nyingi) iliyozunguka chumba. Nimechukua ghorofa ya kwanza kwa Ctrl+C, nikaibandika kwenye faili jipya la ghorofa ya pili, na mambo yameharibika hivi:

Bloku nyingi ENEO inasoma ####. Chache zina namba, ila nikisogeza ukuta na polilaini yake namba haibadiliki. Na kwenye fremu ya karatasi, pa namba ya shiti, pametokea vistari ---- tu.

REGEN (kuchora skrini upya) nimepiga, UPDATEFIELD (kusasisha fildi) nimepiga, hakuna kilichobadilika. Tatizo liko wapi?

kipimo_1_100

Mkuu, hayo ni magonjwa matatu, usiyatafutie dawa moja.

Alama #### inamaanisha fildi ipo lakini kitu ilichokuwa inakisoma hakipatikani. Fildi ya eneo imefungwa kwenye polilaini moja mahususi. Bloku ikihamia faili lingine bila polilaini hiyo, haina pa kusoma, na UPDATEFIELD haisaidii kwa sababu inachofanya ni kuiambia fildi isome upya. Swali: leya (tabaka la mchoro) ya zile polilaini uliigandisha ili zisitoke kwenye karatasi? Kama ndiyo, basi ulipozungushia dirisha la kuchagua, bloku zilichukuliwa na polilaini zikabaki. Kitu kilicho kwenye leya iliyogandishwa hakichaguliwi. Siku nyingine usiigandishe. Fungua LAYER, bofya alama ya printa kwenye leya hiyo ili isichapishwe. Utaendelea kuiona kwenye skrini, na ukinakili inakwenda.

Zile zenye namba isiyobadilika, hakikisha FIELDDISPLAY (mpangilio wa kivuli cha fildi) iko 1 kisha angalia kama namba ina kivuli cha kijivu nyuma yake. Kama haina, hiyo si fildi tena, ni maandishi ya kawaida. Mtu aliandika juu yake kwa mkono, au alibofya kulia akachagua Convert Field To Text. Hairudi yenyewe, inabidi uiweke upya. Kivuli hicho hakichapishwi, kwa hiyo kiache kimewaka muda wote.

Vile vistari ---- ni habari nyingine kabisa. Fildi ni nzima, haina tu thamani ya kuonyesha. Kama umetumia CurrentSheetNumber (fildi ya namba ya shiti), inasubiri leyauti yako (ukurasa wa kuchapisha) iingizwe kwenye seti ya shiti. Fungua SSM (Sheet Set Manager), bofya kulia kwenye jina la seti, chagua Import Layout as Sheet, hifadhi faili, halafu UPDATEFIELD. Faili lako ni jipya, kwa hiyo leyauti yake bado haijulikani na seti yoyote. PlotDate (tarehe ya kuchapisha) nayo huonyesha vistari hivyo hivyo hadi mchoro uchapishwe.

rula_na_penseli

Naongezea kwa aliyosema mkuu hapo juu. Kabla ya kugusa bloku yoyote andika FIELDEVAL (mpangilio wa lini fildi zisasishwe zenyewe) uone namba gani inatoka. Kawaida ni 31, ambayo ni jumla ya 1 (kufungua), 2 (kuhifadhi), 4 (kuchapisha), 8 (eTransmit, kufungasha faili za kutuma) na 16 (REGEN). Thamani hii inakaa ndani ya mchoro wenyewe, siyo kwenye kompyuta yako, hivyo faili ulilopewa na mtu linaweza kuja na 0 na fildi zake zikalala mpaka upige UPDATEFIELD kwa mkono. Kwenye ramani nzito wengine huweka 15 ili REGEN isichelewe, kisha wanasahau. Fildi ya Date haimo kabisa kwenye utaratibu huu. Hiyo ni UPDATEFIELD tu.

Mimi kinachonitisha zaidi si ####. Hiyo inapiga kelele, kila mtu anaiona. Hatari ni bloku iliyonakiliwa ndani ya faili lile lile bila polilaini: inaendelea kusoma chumba cha zamani. Ina kivuli, ina namba safi kabisa, ila ni eneo la chumba cha jirani. Ukipeleka jedwali la maeneo kwa mkadiria majenzi hivyo, umeshampotosha. Kagua hivi: vuta pembe moja ya polilaini ya chumba, piga REGEN, uone kama namba ya chumba hicho ndiyo iliyobadilika. Kisha Ctrl+Z.

Angalia pia ndani ya BEDIT (kihariri cha bloku). Kama aliyetengeneza bloku aliweka fildi ya chumba fulani kuwa thamani ya kuanzia ya ENEO, kila bloku mpya utakayoingiza itazaliwa na eneo la chumba hicho. Weka kistari tu pale, fildi uiweke kwenye kila bloku baada ya kuingiza. Na kama fildi imeandikwa kwa MTEXT (maandishi) ya kawaida ndani ya bloku badala ya atributi, bloku zote zitasoma namba moja daima, maana tafsiri ya bloku ni moja kwa zote.

Kuhusu kuhamisha ghorofa nzima, achana na Ctrl+C. Fungua faili la ghorofa ya kwanza, SAVEAS kwa jina jipya, futa usichotaka. Viungo vyote vinabaki kama vilivyokuwa.

mchora_ramani

Asanteni sana. Ni kweli leya ilikuwa imegandishwa. FIELDEVAL ni 31. Tatizo ni kwamba ghorofa ya pili nimeshabadilisha kuta nyingi, kwa hiyo SAVEAS imenipita. Nikileta polilaini peke yake, zile #### zitaamka?

kipimo_1_100

Haziamki. Polilaini utakayobandika sasa, kwa faili lile ni kitu kipya, hata kama imekaa mahali pale pale.

Njia fupi: kwenye ghorofa ya kwanza yeyusha leya, chagua bloku za vyumba pamoja na polilaini zake kwa mkupuo mmoja, Ctrl+C. Ghorofa ya pili futa bloku zenye ####, kisha bandika kwa PASTEORIG ili vitu vikae kwenye koodineti zile zile. Anza na chumba kimoja, ukifanyie lile jaribio la kuvuta pembe. Kikikubali, leta vilivyobaki, halafu vuta polilaini zifuate kuta mpya. Usizifute uchore nyingine kwa BOUNDARY, wala usizipige EXPLODE (kuzivunja vipande), utarudi kwenye #### palepale. Ukitumia OVERKILL (amri ya kufuta mistari iliyorudiwa), iondoe leya hiyo kwenye uchaguzi, kwa sababu mstari wa polilaini ukilaliana na wa ukuta inaweza kufuta usichotaka kifutwe.

Kwa zile zilizogeuka maandishi: bofya bloku mara mbili, futa thamani ya ENEO, bofya kulia humo humo, Insert Field. Upande wa kushoto chagua Objects, kisha Object, bofya kitufe cha kuchagua, gusa polilaini, chagua Area, Decimal, tarakimu mbili za desimali. Usifunge kabla ya kuingia Additional Format: pa kuzidishia andika 0.000001, na kiambishi cha mwisho m². Chumba cha 4200 kwa 3600 bila hiyo kitasoma 15120000.00. Ukiiweka, kinasoma 15.12 m².

rula_na_penseli

Na polilaini isiyofungwa haitoi ####. Inahesabiwa kana kwamba ncha zake mbili zimeunganishwa kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo chumba chenye kona iliyoachwa wazi kinaweza kukupa eneo pungufu bila dalili yoyote. Fungua Properties ya kila polilaini uone pale Closed; yenye No, ongeza kwanza kona iliyokosekana ndipo uweke Yes, maana Yes peke yake huunganisha ncha kwa mstari ule ule ulionyooka na eneo halibadiliki.