Paka wetu na mtoto wa dada mwenye pumu, nifanyeje kabla ya Idi?

mamazai_arua:
Salaam jamani. Dada yangu anatoka Jinja kuja kwetu hapa Arua, Idi atakaa siku 4 na watoto. Yule wa pili ana pumu, akikaa na paka hata nusu saa macho yanavimba, chafya haziishi, kifua kinaanza kupiga filimbi. Mwaka jana nilimtoa paka asubuhi ileile ya kufika kwao nikafagia nyumba nzima, na bado usiku tukakimbia kliniki kwa boda. Mume wangu anasema paka aende kwa jirani kabisa. Lakini huyu ndo analinda stoo ya simsim na mahindi, akiondoka panya watakula Idi kabla yetu. Kuna njia ingine?

kijana_wa_bombo:
Mnyoe manyoya, kwisha 😂

shoga_wa_paka:
@kijana usimdanganye mwenzio. Nasaidia kliniki ya mifugo hapa Kampala na hilo swali tunalisikia kila wiki. Shida si manyoya yenyewe, ni protini inaitwa Fel d 1, iko kwenye mate na kwenye mafuta ya ngozi. Paka anajilamba, mate yanakauka, yanageuka vumbi jembamba sana ambalo linaelea hewani masaa na masaa halafu linanasa kwenye godoro, mapazia, hata ukutani. Ndo maana kumtoa asubuhi hakukusaidia, paka anaweza kuhama na hiyo kitu ikabaki miezi 4 mpaka 6. Na ule ufagio mama ndo ulimmaliza mtoto, uliamsha vumbi lote hewani na yeye akaingia kulivuta! Tumia kitambaa kibichi, piga deki, na umalize siku moja au mbili kabla wafike.

baba_mapacha:
Mke wangu ana aleji na paka tunaye mwaka wa 3 sasa. Kilichosaidia kuliko vyote ni chumba cha kulala, paka HAINGII, mchana wala usiku, hata akilia mlangoni kama yatima. Wewe anza leo usingoje wiki ya Idi. Fua mashuka, blanketi na mapazia ya hicho chumba kwa maji ya moto, kama unaweza kuazima godoro nyumba isiyo na paka azima. Kapeti toa kabisa weka mkeka, kapeti linashika hiyo takataka vibaya mno na kupangusa halipanguswi. Na wanao wakimbeba paka wabadilishe nguo kabla ya kucheza na binamu yao, sisi hiyo tulichelewa kuijua.

mamazai_arua:
Asanteni sana. Na kumwogesha? Dume huyu, ananuka pia

shoga_wa_paka:
Kumwogesha kunapunguza lakini siku chache tu inarudi palepale, utachubuliwa mikono bure. Kama ni dume hajahasiwa, mhasi, madume wazima wanatoa hiyo protini nyingi zaidi, ila matokeo si ya Idi hii. Kuna pia chakula cha paka cha kampuni ya Purina chenye kitu cha mayai kinachoizima kwenye mate, wenyewe wanasema inapungua wastani wa asilimia 47 kuanzia wiki ya 3, sasa huyo wako anakula mukene (dagaa) na mabaki ya posho (ugali) sijui kama atakubali kubadilisha 😅 Stoo ina mlango wa nje? Alale huko siku zote 4, kazi yake si iko hukohuko. Na dada aje na pampu ya pumu ya mtoto, aongee na daktari wake mapema kuhusu dawa ya aleji. Usafi wote huo unapunguza, haumalizi.

mamazai_arua:
Mlango wa nje upo. Chumba nafunga leo hii. Kasheshe ni kapeti, alilileta mama mkwe mwenyewe na Idi anakuja kulikalia, hebu nishaurini namwambiaje

baba_mapacha:
Hapo mtume mumeo.