Maprodyuza, acheni kuwauzia wasanii wachanga biti zilizonyooshwa na rula mkiziita neo soul

Wakuu, moderata msiunganishe uzi huu na ule wa R&B, maana kuchanganya mambo ndiko kulikotufikisha hapa.

Neo soul, ile soul iliyochanganywa na jazz na hip hop, imerudi masikioni mwa watu. London yuko Cleo Sol, Marekani wako Ari Lennox na Lucky Daye, Nairobi tunaye Xenia Manasseh, na nyuma yao kuna vijana wengi wenye sauti nzuri wanaotafuta biti. Maprodyuza wetu wamewapokea na nini? Mlio wa Rhodes (kinanda cha umeme) wa kupakua, kodi (chords) nne za kinanda zinazozunguka dakika tatu bila kubadilika, mikwaruzo ya santuri juu yake, basi. Halafu bei inapandishwa kwa sababu ya jina.

Jina lenyewe, ni kweli, lilikuwa la biashara. Kedar Massenburg, mwenye lebo ya muziki, ndiye aliyelipigia debe miaka ya 1990 ili D'Angelo na Erykah Badu wapate pa kuwekwa sokoni. Lakini muziki uliobebwa na jina hilo ulikuwa na ufundi wake. Albamu ya Voodoo ya D'Angelo, iliyotoka Januari 2000, ilirekodiwa kwenye tepu katika studio ya Electric Lady, New York, Questlove akiwa kwenye ngoma na Pino Palladino kwenye besi. Sikilizeni besi inavyojivuta nyuma ya ngoma bila kupotea hata mara moja. Huo mvuto ndio mnaoufuta kila siku kwa kubofya kitufe kimoja.

Ndiyo, nazungumzia kukwantaizi, yaani kuiachia programu inyooshe mapigo. Kwenye BPM 80, yaani midundo 80 kwa dakika, mdundo mmoja una milisekunde 750. Mpigaji hodari anaweza kuchelewesha besi milisekunde 20 au 30, na mwili wa msikilizaji unaisikia hata kama hajui kuieleza. Programu ikiburuta kila pigo hadi kwenye mstari, hicho kitu kimekufa. Wakiambiwa, wanawasha kile kitufe cha kusogeza mapigo ovyoovyo na kudai wamepiga kama J Dilla, yule prodyuza wa hip hop wa Detroit. Sivyo hata kidogo! MPC3000, mashine ya kutengenezea biti aliyoitumia, inagawa mdundo vipande 96, yaani kama milisekunde 7.8 kila kipande kwenye BPM 80. Mchelewo wake haukuwa wa bahati nasibu: kila chombo kilikuwa na mahali pake, na kilirudi palepale baa baada ya baa.

Jaribuni hivi. Hai-hati, yale matoazi mawili, iacheni kwenye mstari, au iwekeeni swing (kuchelewesha kila pigo la pili) ya asilimia 54 hadi 58. Snea, ngoma ya mlio mkali, isogezeni mbele kipande kimoja au viwili, iwahi kidogo. Kiki, ngoma nzito ya chini, ipigeni kwa kidole na msiiguse tena. Besi ndiyo ije mwisho. Mkichelewesha vyote kwa kiasi kilekile, hamjafanya chochote. Wimbo mzima umechelewa, uhusiano wa vyombo haujabadilika.

Mkono wa kushoto nao ni balaa. Mtu anapiga Dm9, G13, Cmaj9, na kila kodi anaiwekea noti ya mzizi (ile inayoipa kodi jina) chini kabisa, mahali ambapo besi tayari ipo. Matokeo ni tope kati ya Hz 80 na 200, kisha analaumu spika. Mzizi mwachieni mpiga besi. Mkono wa kushoto ushike F na C, kisha F na B, kisha E na B. Angalieni: kila mara kidole kimoja tu ndicho kinachosogea. Ule ulaini mnaoutafuta kwenye plagini za dola mia uko hapo, bure.

Masta, yaani faili la mwisho la wimbo? Mnaibana hadi -7 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti) wakati Spotify kwa kawaida inashusha wimbo hadi -14. Sauti kubwa imerudishwa chini, na pumzi ya wimbo hairudi.

Ila kinachoniuma kuliko vyote ni biti za kukodisha. Msanii mchanga analipia faili moja ya mp3, vyombo vyote vimeshagandishwa pamoja. Fundi wa miksi hawezi kushusha Rhodes inayogombana na sauti ya mwimbaji, hawezi kuchelewesha besi, hawezi kuacha ngoma peke yake mstari mmoja ili sauti za kuitikia zisikike. Neo soul inaishi kwenye tabaka hizo za sauti! Na biti ileile imekodishwa kwa wengine, kwa hiyo siku wimbo wake unapandishwa YouTube, Content ID, mfumo wa YouTube wa kutambua sauti zilizosajiliwa, unaweza kumkamata yeye mwenye sauti yake kwa sababu mpangaji mwenzake wa biti hiyo alimtangulia kusajili wimbo wake. Mkataba nao una kikomo cha usikilizwaji: wimbo ukishika tu, anatakiwa kulipa upya. Hamkumweleza mlipopokea pesa.

Toeni stemu, yaani kila chombo na faili lake, kwa WAV ya 24-bit, zote zikianza sekunde ya sifuri, BPM na ufunguo vikiandikwa kwenye jina la faili. Andikeni mkataba kwa lugha anayoielewa.

Anayebisha aweke hapa stemu za biti yake moja anayoiita neo soul, ngoma na besi zikiwa mbalimbali, tuzipime milisekunde kwa milisekunde.