Gitaa la umeme linauma masikio, nibadilishe pikapu zote ama kuna dawa kwa waya?

solo_wa_tudor

Salaam wadau, natumai mko salama. Nina gitaa la umeme, kopi ya Strato (Fender Stratocaster), pikapu tatu, zile sumaku zenye koili chini ya nyuzi zinazonasa sauti, za koili moja moja, swichi ya njia tano, volyumu moja na toni mbili. Shingo nzuri, nyuzi ziko chini vile nazipenda, shida ni ile pikapu ya nyuma karibu na daraja, nkiihamia tu sauti yawa kali kama bati linakwaruzwa na msumari. Na sisi twapiga bango, ule muziki wa Pwani, harusini, solo zote za juu nazipiga na hio hio ya nyuma manake ya mbele yazama chini ya kinanda na saksafoni haisikiki. Nkipunguza trebo kwa amplifaya basi ya mbele nayo yawa matope. Nimezungusha zile toni zote mbili mpaka sifuri lakini kwa pikapu ya nyuma hazifanyi kitu kabisa. Fundi mmoja hapa mjini aniambia pikapu zimekufa, ati nitoe zote tatu niagize nyingine Nairobi. Sitaki kutoa pesa hio kabla sijajua. Kulehemu najua, mita pia ninayo.

fundi_kibokoni

Waaleikum salaam ndugu yangu. Usinunue kitu bado. Toni kutofanya kazi kwa pikapu ya nyuma si ubovu, ndivyo Strato ilivyotoka kiwandani mwaka 1954, toni ya kwanza ni ya pikapu ya mbele, ya pili ya ile ya kati, ya nyuma ikaachwa bila, na makopi mengi yakafuata hivo hivo. Kwa hivo ile pikapu kali kuliko zote ndo hio isiyo na cha kuipunguza.

Lakini kabla hujashika bisibisi hebu nambie, wachomeka na kebo ya urefu gani? Na ukali huu ulikuwepo tangu zamani ama umezidi siku hizi?

solo_wa_tudor

Umezidi kaka. Zamani nlikuwa na kebo ya mita sita, tangu tuanze kupiga harusi za uwanjani nimehamia waileresi, ile ya kuchomeka moja kwa moja kwa jeki ya gitaa. Nyuzi pia nimeweka za steinlesi manake za kawaida kwa hii hewa ya chumvi zaota kutu upesi mno.

fundi_kibokoni

Hapo ndo penyewe.

Pikapu ni koili, na koili haitoi sauti yake peke yake, yashirikiana na kebo. Ndani ya kebo ya gitaa kuna waya wa sauti umezungukwa na waya wa graundi, na waya mbili zikikaa karibu hivo tayari ni kapasita, kama pikofaradi 100 kila mita, zaweza kuzidi ama kupungua kulingana na kebo. Mita zako sita zilikuwa zakupa kama 600. Sasa chukua koili ya henri 2.5 na pikofaradi 600, kilele chake, yaani pale sauti yake yapanda kuliko pengine, chakaa karibu hezi 4,100, pale ndo Strato yalia vile watu wameizoea. Ukitia waileresi kebo haipo tena, kile kilele chapanda juu zaidi, na kila mkwaruzo wa piki kwa uzi wasikika peke yake. Pikapu yako haijafa, umeiondolea kipande cha saketi yake. Hata pedali yenye bafa (kisaketi kinachotenga gitaa na kebo zinazofuata) ikiwa ya kwanza na kebo fupi yafanya vivo hivo, watu wengi hawalijui hili wanaishia kulaumu gitaa.

Jaribu bila kufungua kitu: rudisha ile kebo ya mita sita mpaka kwa amplifaya, nobu za amplifaya usiziguse, piga pikapu ya nyuma. Ukali ukishuka umepata jibu. Alafu tafuta kapasita ndogo ya seramiki imeandikwa 471, hio ni pikofaradi 470, kwa bodi yoyote ya redio iliyokufa hukosi, lehemu mguu mmoja kwa ncha ya sauti pale jeki na mwingine kwa graundi. Haina chanya wala hasi. Ikiwa bado yachoma weka 102, hio ni 1,000, kilele kitashuka mpaka hezi 3,000 na kidogo.

besi_mtwapa

Mie naona mwamzungusha jamaa. Hizi kopi za bei rahisi ukigeuza pikapu utaona sumaku bapa ya seramiki imegandishwa chini na vile vijiti ni chuma tu, za asili vijiti vyenyewe ndo sumaku ya alniko. Mi nlibadilisha ya nyuma peke yake, nkaweka yenye mizunguko mingi, ikatulia kabisa na nguvu ikaongezeka. Si lazima zote tatu lakini hio moja atoe.

fundi_kibokoni

Sikatai Mtwapa, na yako ilitulia kweli. Ila angalia ilichofanya: mizunguko mingi yapandisha indaktansi (ile inayopimwa kwa henri), indaktansi ikipanda kilele chashuka. Ndo kazi ile ile ya kapasita ya shilingi chache, tofauti ni hio nguvu uliyoongeza. Kama yeye nguvu yamtosha ataagiza pikapu ya nini?

solo_wa_tudor

Na ile kapasita kubwa iliyo kwa poti ya toni (kile kirezista cha kuzungusha chini ya nobu), yangu imeandikwa 223, nkiweka 473 itasaidia? Naona watu waiongelea sana.

fundi_kibokoni

Haitakusaidia kwa shida hii. 223 ni nanofaradi 22, 473 ni 47, lakini toni ikiwa wazi kote ile poti imesimama kati ya sauti na kapasita, tofauti ya hizo mbili karibu huisikii. Yaanza kusikika ukishaizungusha chini. Na wewe kwa pikapu ya nyuma toni haipo kabisa.

Hilo ndo la pili la kufanya. Swichi za kizamani zina safu mbili za vijiti vinne vinne. Safu ya upande wa toni utaona kimoja hakina waya, hicho ndo cha pikapu ya nyuma, kipande cha waya kutoka hapo mpaka kijiti cha pikapu ya kati kwa safu hio hio basi, toni ya pili sasa yashika zote mbili. Ikiwa yako ni ile ya kopi, vijiti vinane mstari mmoja, usikisie, weka mita kwa mlio, swichi iwe nyuma kabisa, uone kipi chashikana na kipi.

Ukiwa ndani angalia mgongo wa poti ya volyumu. Pikapu za koili moja zapendelea 250K (kilo-omu 250). Ukikuta 500K usiitoe, weka rezista ya 470K kati ya miguu miwili ya pembeni, yote kwa pamoja yawa kama 242K, ukali watulia kidogo.

mzee_wa_rumba

Kijana wangu, sikiliza na mie. Hao wakwambia kweli kuhusu waya, lakini anza na bisibisi. Bonyeza uzi wa kwanza kwa freti ya mwisho, alafu tazama nafasi kati ya uzi na kichwa cha kijiti cha pikapu ya nyuma. Hizi kopi nyingi huja pikapu imebanwa juu karibu iguse. Ishushe ifike milimita mbili, sikiliza, shusha tena mpaka kama tatu. Upande wa nyuzi nyembamba ushushe zaidi. Sauti yapungua nguvu kidogo, utaiongeza kwa amplifaya, ila ule mpigo wa kwanza wa kila noti wapoa.

Nyuzi za steinlesi ndo kali kuliko zote. Kutu naielewa, sote twaishi na hii bahari, lakini weka za nikeli na uzifute kwa kitambaa kikavu kila umalizapo kupiga.

Na nakuomba usiizime yote. Bango hili la Mzee Ngala, mwanzilishi wake, gitaa lahitaji kulia wazi, lipite katikati ya saksafoni na kinanda bila kupigana navyo. Nimesikia vijana wamefunga gitaa lao mpaka likawa kama lapigwa ndani ya kabati, nyumbani tamu, ukumbini halipo. Kapasita usiihukumu chumbani peke yako, ihukumu bendi nzima ikipiga.

solo_wa_tudor

Shukran sana mzee wangu, shukran fundi. Nimerudisha ile kebo leo jioni, ukali umeshuka, haujaisha lakini noti ya juu sasa yasikika noti. Pikapu nayo ilikuwa juu kweli, milimita moja haifiki, nimeishusha. Volyumu ni B500K. 471 ninayo kwa bodi ya redio ya zamani, swali langu ni niilehemu moja kwa moja ama niweke swichi ndogo, manake siku nyingine twapiga ukumbini na natumia kebo.

fundi_kibokoni

Swichi ndogo ni sawa kabisa, ukiwa na kebo waizima, ukiwa na waileresi waiwasha. Lakini usitoboe gitaa bado. Vua jeki, shika 471 kwa waya mbili zenye klipu, nenda nayo mazoezini, mpige nyimbo mbili tatu, alafu badilisha uweke 102. Ile mtakayoikubali wewe na mpiga kinanda ndo ulehemu. Rezista ya 470K tia kwanza, manake itabadilisha unavyosikia hizo kapasita. Na B kwa volyumu (B ni poti inayobadilika sawasawa, A ni ya logi) isikusumbue, ila ikiwa toni nazo ni B utaona kazi yote yafanyika pale mwisho karibu na sifuri, siku ukipata A250K badilisha.