Hofu ya nyuklia: tuwaambie vijana au tunyamaze?

Wapo miongoni mwetu, wazazi na walimu wa hapa Kigoma, wanaoshikilia kwamba habari za silaha za nyuklia zisizungumzwe mbele ya vijana, kwa kuwa mambo hayo yako mbali, huamuliwa na wakubwa wa dunia, na kuyataja ni kuwatwisha watoto mzigo wasioweza kuutua. Hoja hiyo inatoka katika huruma, lakini naipinga.

Vijana wamekwisha kusikia. Mmoja wa kidato cha tatu, tulipokuwa tukianua dagaa Kibirizi, alinionyesha kwenye simu video ya wingu la mlipuko, kisha akauliza, huku mikono ikiendelea kukusanya, asome ili iweje ikiwa dunia yenyewe inaweza kuteketea kwa siku moja. Hakuna mtu mzima aliyewahi kumpa nafasi ya kulitoa swali hilo.

Na umbali huo tunaousema haupo. Madini ya urani ya bomu lililoangushwa Hiroshima, Japani, Agosti 6, 1945, kwa sehemu kubwa yalichimbwa Shinkolobwe, Katanga, huko Kongo, nchi tunayoitazama ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Wanasayansi wanaonya pia kwamba moshi wa miji inayoungua ungeweza kuziba jua na kupunguza mavuno duniani kote, mahindi ya Kasulu yakiwamo.

Ninachosisitiza zaidi ni kwamba kukata tamaa hulishwa na habari nusu. Kijana anaonyeshwa bomu, haambiwi yaliyofanywa na watu kulizuia. Mwaka 1986 dunia ilikuwa na vichwa vya silaha za nyuklia takriban 70,000. Leo ni 12,000 hivi, idadi ambayo bado inatisha, hasa kwa kuwa mkataba wa mwisho uliowawekea kikomo Marekani na Urusi ulifikia ukomo Februari 2026. Afrika Kusini iliunda mabomu sita, ikayavunja yote, na mwaka 1993 Rais de Klerk akalitangaza jambo hilo bungeni. Mkataba wa Pelindaba, uliotiwa saini Cairo mwaka 1996 na kuanza kutumika mwaka 2009, uliifanya Afrika eneo lisiloruhusu silaha hizo, na Tanzania imo. Manusura wa Hiroshima na Nagasaki, kupitia jumuiya yao ya Nihon Hidankyo, wamesimulia yaliyowapata tangu 1956 hadi wakapewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2024. Watu walioungua miili hawakunyamaza.

Wanaosema dua inatosha, nami naomba dua kila siku, wakumbuke kwamba kijana aliyekosa usingizi anahitaji pia mtu wa kuketi naye na kumsikiliza bila kumkemea.

Napendekeza klabu za mijadala za sekondari zetu ziichukue mada hii muhula ujao, walimu wa historia wakiwapo. Anayeona kidato cha tatu ni mapema mno, aseme ni umri gani unaofaa, na kwa sababu gani.