Kaliperi ya nyuma haikai kwenye fremu: adapta nyingine, kaliperi ya waya, au nirudi V-breki?

Mpanda_Mbale
Wadau, salaam. Nimepata fremu ya mtumba ya baiskeli ya mlimani, alumini, safi kabisa, ikiwa na magurudumu yake ya diski. Breki za Shimano za mafuta nilikuwa nazo nyumbani. Mbele zimekaa bila maneno. Nyuma zimegoma: kaliperi, ile sehemu inayobana diski, haikai. Nimenunua adapta, kile kipande cha kuiunganisha na fremu, nimefunga, gurudumu halizunguki. Jumamosi ijayo tunapanda Sipi, kule Kapchorwa kwenye maporomoko, na wenzangu, na mfukoni nina laki mbili. Ninunue adapta nyingine, nichukue kaliperi ya waya, au niachane na diski nirudi V-breki, zile zinazobana ringi? Fremu ina vishikizo vya V-breki pia.

FundiBombo
Picha iko wapi? Diski ni ya ukubwa gani? Masikio ya fremu, pale kaliperi inapofungwa, yakoje? Ukituambia "zimegoma" tu, tutapiga ramli hapa. Angalia boliti zinaingia upande gani. Kama zinaingia kutoka ubavuni, sambamba na ekseli, na matundu yameachana milimita 51, hiyo ni IS (International Standard). Kama kaliperi inafungwa moja kwa moja kwa boliti zinazotazama mbele na matundu yameachana 74, hiyo ni PM (Post Mount). Pima kwa rula, urudi.

Kadogo_256
V-breki. Waya unapata kila duka, pedi unapata kila duka, fundi wa kila kona anazijua. Diski ni za watu wenye muda.

Kilima_Kabale
@Kadogo_256 wewe uko Kampala kwenye lami. Njoo huku kwetu mwezi wa nne. Udongo wa kilimani ukichanganyika na maji, pedi za V-breki zinaisha ukiwa bado njiani, na ringi nayo inalika. Yangu ya nyuma imekuwa nyembamba kama wembe, siku moja itapasuka tairi ikiwa na upepo ndani. Diski haigusi ringi kabisa.

Kadogo_256
Na wazee wanaoteremka na mikungu ya matoke kwa baiskeli za breki za fimbo, wao hawajui?

Kilima_Kabale
Wanajua. Wanateremka wakikokota. Umewahi kuangalia vizuri?

Mpanda_Mbale
Samahani, mtandao unasumbua, picha imekataa kupanda. Diski imeandikwa 160. Boliti za fremu zinaingia kutoka ubavuni. Nimepima, ni 51 kasoro kidogo.

FundiBombo
Basi ni IS. Kaliperi yako ya Shimano bila shaka ni PM, kwa hiyo adapta ni lazima. Sasa inagusa wapi? Kama diski inasugua pedi upande mmoja, hiyo ni kazi ya dakika chache: legeza boliti mbili za kaliperi, shika breki kwa nguvu, kaza huku umeshika. Ikiendelea kusugua, kagua masikio ya fremu. Fremu za mtumba hupakwa rangi upya na rangi ikabaki pale adapta inapokaa, kaliperi inasimama mshazari. Kwangua rangi tu. Usiguse alumini yenyewe.

Lakini kama ukingo wa diski unagonga ndani ya kaliperi, hilo ni jambo jingine.

Mpanda_Mbale
Ni hilo la pili! Ukingo wa juu wa diski unagonga tumbo la kaliperi. Adapta ina maandishi F160. Diski ni 160, adapta 160, tatizo ni nini?

FundiBombo
Soma hiyo herufi, ndugu yangu. F ni ya mbele. Masikio ya IS ya mbele yamepangwa kuanzia diski ya 160, ya nyuma kuanzia 140. Kwa hiyo adapta ya F160 ukiifunga nyuma inakuwa ya 140. Kaliperi imekaa milimita 10 karibu mno na habu (kitovu cha gurudumu), na diski yako haina pa kupita. Unayoitaka ni ile iliyoandikwa F180/R160. Kifaa ni kimoja, mbele kwa diski ya 180, nyuma kwa 160.

Na kabla hujanunua kaliperi ya waya: nyingi nazo ni PM. Utaitaka adapta ileile. Kubadilisha kaliperi hakutibu kitu hapo.

Mama_Zawadi
FundiBombo kasema kweli. Mimi nitaongeza la mafuta, maana hapa ndipo nilipoumizwa.

Niliipeleka yangu kwa karakana moja mjini, sitaitaja. Breki ya nyuma ilikuwa imeingiza hewa, lever (mkono wa breki) inafika mpaka kwenye mpini. Nikamwambia kijana wazi: hii ni Shimano, inatumia mafuta ya madini, na chupa ndogo hii hapa, nimekuja nayo. Akaitikia vizuri, "sawa mama". Jioni nachukua baiskeli, breki ngumu, tamu, nikamshukuru na kumwongeza cha soda. Chupa yangu akanirudishia ikiwa bado na kizibo chake cha plastiki, sikukifikiria. Baada ya siku chache lever ikaanza kurudi polepole, halafu ikawa hairudi kabisa. Pedi zimeng'ang'ania diski, diski inanuka moto, na mimi niko katikati ya mteremko. Nikafungua gurudumu, nikakokota. Alikuwa ametia DOT, mafuta ya breki ya gari. Ile inavimbisha mipira ya ndani ya breki za mafuta ya madini, na ikishavimba hakuna kuosha kunakoirudisha. Nilirudi kudai, nikaambiwa "mafuta ya breki ni mafuta ya breki". Lever mpya, kaliperi mpya, vyote juu yangu.

Kwa hiyo ukifika kwa fundi, simama hapohapo mpaka amalize. Zile za SRAM nyingi ndizo zinatumia DOT. Ukichanganya, umezika breki.

AruaMoja
Pole sana mama. Ndiyo maana mimi niko kwenye waya. Ile Avid BB7 ina kitufe cha kurekebisha pedi kila upande, unazungusha kwa mkono. Haina mafuta, haina DOT.

FundiBombo
BB7 nakubali. Ila nayo na zile za bei rahisi zinasukuma pedi moja tu, na pedi hiyo inapinda diski mpaka iguse ile ya pili iliyotulia. Usipoiweka ile iliyotulia karibu kabisa na diski, unavuta lever na baiskeli inaendelea na safari zake.

Kadogo_256
Adapta ni kipande cha alumini chenye matundu manne. Peleka Katwe, kwa mafundi wa chuma wa Kampala, watakukatia kabla ya chai ya saa nne. Kwa nini usubiri mzigo kutoka China?

Kilima_Kabale
Katwe wanatengeneza kila kitu, sikatai, jiko langu limetoka huko. Lakini matundu yakikaa pembeni nusu milimita kaliperi inalala upande. Na akikata nyuzi vibaya, boliti inang'oka ukiwa Kapchorwa. Labda upate mwenye mashine ya kukereza na vernia ya kupimia, na uende na kaliperi yenyewe mkononi.

Kadogo_256
Wapo. Hamuwaamini watu wenu tu.

Mpanda_Mbale
Asanteni, sasa nimeelewa. Hapa Mbale nimezunguka maduka, F180/R160 hakuna. Je, nikiweka washa nene chini ya kaliperi, juu ya adapta hii niliyo nayo, jumla milimita 10, na boliti ndefu zaidi? Au ninunue diski ya 140?

AruaMoja
Ya 140 ninayo, nakuuzia kwa bei ya kirafiki. Ni ya Centerlock, ile inayokaa kwenye meno ya habu.

FundiBombo
AruaMoja, umemsikia akisema habu yake ni ya Centerlock? Mpanda_Mbale, habu yako ina boliti sita za nyota, au meno katikati? Na 140 kwa mteremko wa Sipi, ukiwa na mwili mkubwa, itachemka. Una kilo ngapi?

Washa: kuna spesa halisi za milimita 10 za PM, zinauzwa, hizo sina ugomvi nazo. Washa za mlundikano sizipendi. Ukifanya, boliti iwe ya M6 na iingie kwenye adapta nyuzi nyingi kama ile ya mwanzo au zaidi, na ukaze Nm 6 mpaka 8 (kipimo cha nguvu ya kukaza), si kwa hasira. V-breki nayo: ringi zilizokuja na diski mara nyingi hazina ubavu wa kusugua. Angalia ringi kabla ya kununua chochote.

Mama_Zawadi
Na mbele umeifunga na adapta gani? Kama zilikuja mbili kwenye pakiti moja huenda umezibadilisha.

Mpanda_Mbale
Mbele haina adapta, foku (uma wa mbele) ni PM. Habu ina boliti sita. Kilo sitaji hadharani. Ringi nitaangalia kesho.

Kilima_Kabale
Sipi mnapandia wapi, mnafuata lami ya Kapchorwa au zile njia za mashamba ya kahawa? Mvua ikinyesha za mashambani hazipandiki.

AruaMoja
Mimi nataka kuja pia. Ila natafuta tairi ya 26 ya meno makubwa, Arua wamebaki na za 29 tupu. Kuna mtu amewahi kutuma tairi kwa basi? Wanachaji kama mzigo au kama bahasha?