MJADALA: Akili mnemba itaweza kuchukua nafasi ya watunzi na waigizaji wetu wa tamthilia?

Mleta mada, Chumbageni, Tanga

Ndugu zangu, salaam. Siku hizi kila kona nasikia kwamba miaka michache ijayo tamthilia za runinga zitatungwa na kuigizwa na akili mnemba, binadamu akae pembeni. Mimi nakataa. Anayeona vingine anipinge kwa hoja.

Nianzie nyumbani. Amri Athumani, yule King Majuto wetu aliyefariki Agosti 2018, alichekesha nchi nzima. Na vichekesho vingi vya zama zake vilirekodiwa bila mswada kamili. Muongozaji anakupa wazo la sini, yaani kipande kimoja cha mchezo, kamera inawashwa, maneno unayatoa kichwani mwako. Ule ukimya kabla ya jibu, lile jicho la kumpima aliyekuja kudai deni lake, mashine itayasoma wapi? Programu hizi hukisia neno linalofuata kutokana na maandishi zilizolishwa, na ya Kiswahili ni machache mno ukilinganisha na ya Kiingereza.

Niliipa programu mojawapo kazi ndogo ya kutunga sini. Mume wa Makorora karudi usiku wa manane, mke yuko macho. Ikamwandikia mke: "Mpenzi wangu, nimeumizwa sana na tabia yako, tunahitaji kuzungumza kuhusu uhusiano wetu." Mwanamke gani wa Tanga huyo? Kwetu mume angekuta chakula kimefunikwa mezani, haulizwi kitu. Asubuhi mke anatoka kufagia uwanja, kajifunga kanga imeandikwa "Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake". Jirani anasoma, mume anasoma, sini imekwisha na hakuna aliyefumbua mdomo.

Tena wapo walioshajaribu. Desemba 2022 huko Marekani kilianza kurushwa kwenye Twitch, mtandao wa kurusha video moja kwa moja, kichekesho kiitwacho Nothing, Forever, kinajitunga chenyewe mchana na usiku. Februari 2023 kikafungiwa siku 14 baada ya mhusika wake mkuu kuropoka maneno ya kuwadhalilisha watu waliobadili jinsia. Hapakuwa na mtu wa kusema "hiyo kata".

Mhariri wa video, Ngamiani

Kaka, nakuheshimu ila hapa sikubaliani nawe. Sini yako nimeijaribu leo. Nimeiambia mke asiseme neno, aongee kwa kanga. Imenipa kanga tatu, moja kali kwelikweli.

Halafu nikuulize. Novemba 1914 Waingereza walishusha maelfu ya askari, wengi wao Wahindi, hapa Raskazone, waje kuuteka mji kutoka kwa Wajerumani. Wakapigwa wakarudi melini, na katikati ya mapigano nyuki wakawatokea watu kutoka kwenye miti, wakawauma bila kuchagua jeshi. Hadithi ipo chini ya miguu yetu! Nani atatoa hela ya meli za vita, mamia ya waigizaji wenye magwanda, na hao nyuki? Hayupo, na hatakuwepo. Lakini kwa hizi programu za kutengeneza video, kijana wa Tanga anaweza kuzipata meli zake. Unataka aendelee kupiga sini za sebuleni mpaka azeeke?

Mtazamaji, Pongwe

Wanangu, mimi kazi yangu kutazama tu. Tamthilia za Kituruki nazifuata kwa zile sauti za Kiswahili, na dada anayemsemea mama mkwe namjua hata akitangaza sabuni redioni. Nasikia sasa wanaweza kuichukua sauti yake wakaisemesha yeye hayupo. Hapo analipwa nani?

Mleta mada

Shikamoo mama. Hapo ndipo penyewe.

Mdogo wangu wa Ngamiani, meli na nyuki nakupa, tena ukiitengeneza hiyo nitakuwa wa kwanza kuitazama. Kanga sikupi. Nani aliyeiambia mke anyamaze? Nani aliyejua kwamba kati ya zile tatu ni moja tu inayochoma? Ni wewe, uliyekulia kwenye nyumba za uani za Tanga. Sasa mwenye kipindi akiona mashine imetoa kurasa thelathini kwa dakika moja, atakuita "uzinyooshe kidogo" na atakulipa hela ya kunyoosha.

Waandishi wa filamu na tamthilia wa Marekani waliliona hilo mapema. Waligoma kuanzia Mei 2 hadi Septemba 27, 2023, na mkataba waliopata unasema mashine haihesabiwi kuwa mwandishi, kampuni haiwezi kumlazimisha mwandishi aitumie, na ikimkabidhi maandishi yaliyotoka kwenye mashine lazima imwambie. Waigizaji nao waligoma Julai hadi Novemba mwaka huohuo, wakapata masharti ya ridhaa na malipo kwa nakala ya kidijiti ya sura au sauti ya mtu. Hilo ndilo jibu la swali lako mama, ila ni la kwao.

Mhariri wa video, Ngamiani

Kwa hiyo unakubali kwamba inaweza.

Mleta mada

Kuchekesha kama Majuto, haiwezi. Kumnyang'anya kijana riziki, inaweza, hata kwa kazi mbovu, maana anayenunua anaangalia bei kabla hajaangalia sini. Ndiyo maana nasema tusipoteze mwaka mzima kubishana kama mashine ina kipaji. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tunayo tangu 1999, ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022. Lakini msanii akisaini usiku, gari linanguruma nje, karatasi inayosema "haki zote kwa njia yoyote", sauti yake ameiacha palepale.

Naomba waliowahi kufanya kazi ya kutia sauti au kuigiza watuambie: mkataba wako ulitaja matumizi ya sauti na sura yako baada ya kazi kuisha? Funika majina yote, weka kipengele chenyewe hapa tukisome pamoja.