Tupeane uzoefu: kazi ya bustani unayoifanya msimu huu kwa ajili ya msimu ujao

Jembe Jepesi

Wadau, habari za majukumu. Kila siku tunaulizana dawa ya wadudu, mbegu nzuri, mbolea ipi. Leo naomba tuzungumzie jambo ambalo mimi naamini ndilo linalotenganisha bustani inayolisha nyumba na ile ya kupendezesha ua tu: kazi zinazofanywa mapema, wakati hata dalili ya mavuno hakuna. Tusimulie tunayoyafanya kwa mikono yetu, siyo tuliyoyasikia.

Naanza mimi. Mvua zikiwa nyingi na majani ni mengi, kwa hiyo huo ndio wakati wangu wa mboji. Kiangazi kikiingia nataka iwe imeshaiva. Nakusanya magugu kabla hayajatoa mbegu, maganda ya jikoni na nyasi nilizofyeka, kisha nayapanga kwa matabaka pamoja na majani makavu niliyoyahifadhi kwenye magunia tangu jua lilipokuwa kali. Hayo makavu ndiyo wengi huyachoma moto, na huwa inaniuma sana nikiuona moshi. Vijidudu vinavyoozesha huhitaji kama sehemu 25 hadi 30 za kaboni, iliyo nyingi kwenye makavu, kwa sehemu moja ya naitrojeni, iliyo nyingi kwenye mabichi. Mimi kwa kipimo cha macho naweka makapu mawili au matatu ya makavu kwa kapu moja la mabichi. Lundo likiwa dogo kuliko mita moja kwenda juu na mita moja kila upande, halishiki joto vizuri. Likikaa sawa, katikati hufika nyuzi 55 za Selsiasi na zaidi, na joto hilo likidumu siku kadhaa mbegu nyingi za magugu zinakufa.

Kipimo changu ni nondo fupi. Naichomeka katikati ya lundo, naiacha kidogo, naichomoa na kuishika. Ikiwa ya moto kiasi cha kuiachia upesi, kazi inaendelea. Ikiwa vuguvugu, nageuza lundo ili ya nje yaingie ndani. Unyevu naupima kwa kukamua konzi moja: yakitoka matone mawili matatu, sawa, yakichuruzika, naongeza makavu. Harufu ya mkojo nayo inaniambia makavu ni machache.

Karibuni, uwanja ni wenu.

Tone kwa Tone

Mkuu umenena. Kwangu mimi kazi ya mapema ni maji. Kuna hesabu moja rahisi ambayo ningependa kila mwenye bustani aijue: milimita moja ya mvua ikianguka kwenye mita moja ya mraba ya paa ni lita moja ya maji. Paa la mita za mraba 40, mvua ya milimita 20, hizo ni lita 800 kabla ya kutoa yanayopotea njiani. Nilipoifanya hesabu hiyo kwa paa letu, sikuweza tena kukaa ndani mvua ikinyesha bila kuwaza mifereji. Sasa kabla ya mawingu kukusanyika nazoa majani kwenye mifereji, nakagua viungio, na maji ya mwanzo nayaacha yamwagike kwa sababu yanabeba vumbi na kinyesi cha ndege. Pipa lina mfuniko na wavu, mbu wasipate pa kutaga.

La pili ni matandazo, na hapa wakati ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Natandaza mwishoni mwa mvua, udongo ukiwa bado umeshiba maji. Ukitandaza juu ya udongo uliokwisha kukauka, mvua ndogo itaishia kwenye nyasi na mizizi isipate kitu. Unene wa sentimita 5 hadi 10 unatosha, na karibu na shina naacha nafasi ya wazi ili lisioze.

Faida yake niliiona zaidi kwenye nyanya. Lile doa jeusi linalobonyea kitakoni mwa tunda, watu hukimbilia kudhani ni ugonjwa wa kupulizia dawa. Tunda limekosa kalsiamu, na mara nyingi kalsiamu udongoni ipo ila maji ya kuisafirisha ndiyo yanakuja kwa vipindi: leo mafuriko, halafu ukame wa wiki nzima. Tangu udongo wangu uanze kukaa na unyevu ule ule, tatizo hilo limepungua mno. Namwagilia asubuhi, shinani, siyo juu ya majani, maana majani yanayolala na maji hukaribisha ukungu.

Baridi Kali

Niliko mimi udongo huganda. Kazi yangu ya mapema ni vitunguu saumu: napandikiza punje wiki chache kabla ya baridi kuuma, ncha juu, halafu nafunika kwa majani mengi. Inahitaji kuionja hiyo baridi ndipo kichwa kigawanyike punje. Ikikosa, mara nyingi unapata donge moja tu. Mavuno ni majira ya joto yanayofuata. Kwa kweli ndilo zao linalonitia moyo kuliko yote.

Mbegu za Bibi

Shikamooni wakubwa, na wadogo zangu hamjambo. Mimi nashughulika na mbegu, na naomba niseme wazi: mbegu haichaguliwi mwisho wa msimu kwa matunda yaliyosalia. Inachaguliwa mche ukiwa bado unazaa. Nafunga kitambaa chekundu kwenye mche wenye afya kuliko wenzake, na nyumba nzima wanajua tunda la hapo halichumwi.

Nyanya ina utaratibu wake. Nasubiri iive hadi ilegee, naikata kwa upana, nakamua mbegu na maji yake kwenye gilasi. Ule ute unaozizunguka huzuia mbegu kuota, ndiyo maana haziotei ndani ya tunda. Naiacha gilasi siku mbili au tatu mahali pa kivuli. Juu panatanda utando mweupe na harufu inakuwa kali, msiogope. Naongeza maji, nakoroga: zilizojaa zinazama, tupu na takataka zinaelea, namwaga za juu. Nikishasuuza, nazianika kwenye sahani na kuzitenganisha kwa kidole kila siku. Kwenye karatasi huganda zikakusumbua. Zikikauka kabisa zinaingia kwenye chupa yenye kifuniko cha kubana, na kibandiko cha jina na mwaka.

Ila mbegu za chotara, zile zilizoandikwa F1, usitarajie watoto wafanane na mama. Zitaota, lakini kila mche utakuja na sura yake.

Jogoo la Mtaa

Nichangie kwa ufupi upande wa kuku. Mimi huhesabu kinyumenyume. Yai huatamiwa siku 21, na tembe wengi huanza kutaga wakiwa na miezi mitano au sita, wa kienyeji hata zaidi. Kwa hiyo nikitaka mayai wakati fulani, najua kuku alalie lini. Baada ya mavuno nawaingiza shambani wakwangue: wanakula viwavi, mabuu na mbegu za magugu. Mbolea yao siiweki mbichi kwenye miche, ni kali na inaunguza. Inaenda kwenye lundo kama la Jembe Jepesi, ikae hadi iive.

Roshani ya Tatu

Naomba kuuliza kwa heshima. Sina ua, nina makopo kwenye roshani. Haya ya kujiandaa msimu mmoja kabla yananihusu?

Jembe Jepesi

Dada au kaka, yanakuhusu sana, tena kopo huchoka haraka kuliko shamba. Usirudishe nyanya, pilipili, biringanya wala viazi mviringo kwenye udongo uliotoa mmojawapo. Ni ukoo mmoja na magonjwa yao ni yale yale. Mwaga udongo huo kwenye turubai, toa mizizi, changanya na mboji, kisha panda kunde. Mchicha unaweza kuzifuatia, utauchuma baada ya wiki tatu au nne.

Kunde zikimaliza, kata shina usawa wa udongo, mizizi iache ndani, na majani yalaze juu yake. Wengi huondoa kila kitu wakidhani naitrojeni yote imebaki chini, kumbe sehemu kubwa iko kwenye majani na kwenye punje mlizokula. Kama unataka kujua kwamba vijidudu vya mizizi, vile vinavyoipatia kunde naitrojeni kutoka hewani, vinafanya kazi, chimbua mche mmoja unapoanza kutoa maua na upasue kwa ukucha kinundu kimoja kwenye mizizi yake. Kikiwa chekundu au cha waridi ndani, vinafanya kazi. Kikiwa cheupe au kijani kibichi, jaribu safari nyingine kuchanganya konzi ya udongo kutoka mahali ambapo kunde zilistawi.